Magadi ya Bwawa la Tatu

Jogoo mwekundu alichinjwa Jumapili asubuhi kabla ya ibada, na aliyemchinja ni Agripina mwenyewe. Kisu kikishikwa na mumewe, Abraham, kuku wa nyumba ile walijua bado wana nafasi ya kujitetea.

"Ungemwacha huyu," Abraham alisema, ameshika sufuria ya maji ya moto. "Ndiye anayetuamsha."

"Mkataba wako ukiongezwa utanunua saa. Mwaga maji hapa."

Mpango wenyewe ulikuwa huo. Mkataba wa Abraham kule kwenye visima vya utafiti wa mafuta, chini katika mbuga ya Wembere, ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Aliyekuwa anapendekeza nani abaki na nani aende ni injinia wa maji, binti aitwaye Witness. Na binti yao wenyewe, Hana, alikuwa amebakiza mwaka mmoja katika chuo cha uuguzi mjini Singida. Mshahara wa Abraham uliingia kwa mlango wa nyumba na kutokea moja kwa moja kwenda chuoni, lakini angalau uliingia. Alizeti ya mwaka ule ilikuwa imeozea majini. Kwa hiyo Abraham aliposema kwamba bosi wake amechoka na wali wa kambini na anatamani mlenda wa Kinyiramba, Agripina hakuuliza mara mbili.

"Mwambie Jumapili. Akila mlenda wangu asikuongezee mkataba, huyo hana ulimi."

Hakuwa anajisifu bure. Agripina ndiye aliyekuwa akiuza magadi katika gulio la Shelui, na wapishi wa pale barabarani, wanaolisha madereva wa malori ya Nzega, walikuwa wakimngoja yeye ndipo wainjike maharage. Kila kiangazi alishuka mbugani na wenzake, wakakwangua udongo mweupe, akaubeba nyumbani na kuuchuja kwenye chungu kilichotobolewa matundu chini: nyasi kwanza, kisha udongo, kisha maji juu yake. Kinachodondoka alikichemsha mpaka kikaganda. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, Luciana, aliyekuwa bado hai na bado anaisimamia, ingawa siku hizi aliisimamia akiwa amekaa.

Mwaka ule mvua zilizidi. Mbuga iligeuka ziwa, na palipokuwa peupe pakawa na bata maji. Wenzake waliacha biashara. Agripina hakuacha, na sababu ya kutoacha alikuwa nayo nyuma ya nyumba, ndani ya viroba, chini ya turubai.

*

Ilianza kwa maneno ya mezani. Abraham, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia pampu za mabwawa ya maji machafu, alisema kwamba bwawa la tatu likikauka linabakiza kitu cheupe kuliko unga wa sembe, na kwamba wanakizoa na kukitia kwenye viroba vya kupelekwa mbali.

"Kupelekwa kufanya nini?"

"Kutupwa."

Agripina aliacha kutafuna. "Baba Hana, watu wanatupa magadi, na wewe unawashikia koleo?"

"Si magadi yale. Yametoka na maji ya kisimani, huko chini kabisa."

"Na ya mbugani yanatoka wapi, mbinguni?"

Abraham akarudi kwenye ugali wake. Lori la kuchukua viroba lilikuwa limekwama kwa sababu ya matope, na viroba vilirundikwa nje ya uzio vikiwa na kibao kilichoandikwa kwa Kiingereza. Siku moja alirudi na kiroba kimoja kwenye baiskeli. Siku nyingine kimoja. Agripina alivichuja kwa chungu chake cha matundu, mara mbili badala ya mara moja, kwa kuwa yeye si mtu wa kulipua kazi. Magadi yakatoka meupe mpaka yakamtia haya. Mlenda ulilainika kabla maji hayajachemka vizuri.

Luciana peke yake ndiye aliyekunja pua. Alikuwa amebakiwa na meno machache ya mbele, ya kuchekea tu, na kwa hiyo magadi kwake hayakuwa anasa. Hata hivyo alinusa sahani na kusema, "Mlenda huu unanuka kibatari."

"Mama, ni karanga zimeungua kidogo."

"Karanga ninazijua. Na kibatari ninakijua. Nimesoma kwa kibatari mimi."

"Ulisoma lini, mama?" Abraham aliuliza.

"Nyamaza, wewe hukuwapo."

Tumbo la bibi lilimsumbua wiki ile na wiki iliyofuata. Agripina akalilaumu boga.

*

Witness alifika na gari la kampuni, akaliacha mbali na uwanja ili asitimue vumbi kwenye alizeti chache zilizoanikwa. Agripina alimpa alama kwa hilo. Alikuwa binti mwembamba mwenye buti kubwa, na alipofika mbele ya Luciana aliinama mpaka magoti yakagusa ardhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayefua maji?"

Witness alicheka. "Ndiyo, bibi. Nafua maji."

"Na yanatakata?"

"Yanatakata kiasi. Ya kunywa, bado."

"Basi hufui, unasuuza," Luciana alisema, na akamsogezea kigoda akae karibu yake. Bibi hakuwa na kawaida ya kusogezea mtu kigoda. Agripina aliliona hilo pia, akaanza kuhesabu mkataba kuwa umeshaandikwa.

Wakanawa mikono. Ugali wa uwele ulifunuliwa, jogoo akafunuliwa, na mwisho ukafunuliwa mlenda, wa kijani kibichi, ukivutika kama unavyotakiwa. Abraham aliomba sala ndefu kuliko kawaida yake. Witness alimega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota, akafumba macho.

"Mama. Huu umeufanyaje?"

"Sijaufanya kitu. Mlenda, karanga, magadi."

"Magadi umeyapata wapi na mbuga yote imejaa maji? Mama yangu ni Mpare, kwake makande bila magadi ni adhabu. Nimezunguka mpaka Kiomboi nikayakosa."

Abraham alikohoa. Agripina alijibu kwamba mwanamke mwenye akili hakosi akiba.

"Nitakuomba uniuzie nimpelekee."

"Sikuuzii. Nakupa."

Hapo angenyamaza, mambo yangeenda kama alivyoyapanga. Lakini Agripina alikuwa na swali, na swali likimkaa kooni alikuwa hawezi kumeza kitu kingine. Tena alitaka kujua lori litakuja lini, maana akiba ilikuwa inapungua.

"Hivi, injinia, kile cheupe kinachobaki kwenye mabwawa yenu. Kwa nini mnakitupa? Nasikia ni kizuri."

Chini ya meza, mguu wa Abraham ulitafuta wa mkewe na kuukanyaga. Ulikuwa wa Luciana.

"Nani ananikanyaga?"

"Samahani, mama."

Witness alikuwa anamega tonge jingine, na alieleza huku anakula, kama mtu anayeipenda kazi yake. "Kile ni kizuri kwa macho tu, mama. Maji yakitoka kisimani yanatoka na mafuta. Bwawa la kwanza mafuta yanaelea, tunayaengua, kama unavyoengua utando wa maziwa. La pili tunatia dawa, matope yanajishika yanazama chini. La tatu tunaliachia jua. Sasa, kile ambacho hakikuelea wala hakikuzama, kinabaki palepale. Risasi imo. Arseniki imo. Zile dawa tunazopitisha kwenye mabomba, zimo. Vinafungwa kwenye viroba, vinakwenda kuzikwa mbali, kwenye shimo lililotandikwa plastiki."

"Kikichujwa je? Kwa nyasi na udongo?"

"Kinapita. Tia sukari kwenye chai, halafu ichuje hata kwa kanga mpya. Chai itakuwa tamu vilevile."

"Na kikichemshwa?"

"Ukichemsha ndiyo unakoleza. Maji yanaondoka, sumu haiondoki." Alichota mlenda, tonge limejaa. "Kwa nini, kuna watu wanakichukua?"

Agripina alilitazama lile tonge likipanda. Baadaye alimwambia Hana kwamba lilipanda polepole kama ndoo ya kisima kirefu, na kwamba muda wote huo alikuwa anauona mkataba ukining'inia juu yake. Kisha akanyoosha mkono, akavuta bakuli la mlenda.

"Usile. Kuna mjusi."

Tonge lilisimama njiani. "Yuko wapi?"

"Alidumbukia wakati napika. Nilimwona nikapuuza."

Kwa mwanamke wa Kinyiramba aliyepika kwa ajili ya mgeni, maneno hayo ni sawa na kuvua kanga barabarani. Abraham aliinua macho akaanza kuchunguza mabati. Witness alirudisha tonge pembeni mwa sahani taratibu, asimuaibishe mwenyeji wake.

Lakini Luciana hakuwa na haraka hiyo. "Mjusi gani? Nyumba hii haina mjusi tangu paka aje."

"Mama, nimesema kuna mjusi."

"Basi lete huku. Mwenye meno kama yangu hachagui mjusi." Akavuta bakuli upande wake. Agripina akalivuta upande wake. Mlenda ukamwagika katikati ya meza, ukatambaa kuelekea kwa jogoo.

"Si kitu, mama," Witness alisema kwa upole. "Mbona kuku yupo. Ajali za jikoni zipo kwa kila mtu. Ila yale magadi ya mama yangu usisahau."

Agripina alikaa. Alikuwa na pakiti moja ya mwisho aliyoifunga vizuri kwa nailoni, tayari kwa mgeni, na ilikuwa juu ya kabati mbele ya macho yao wote.

"Hakuna mjusi," alisema. "Magadi ni yenu. Ya bwawa la tatu."

Witness hakumtazama yeye. Alimtazama Abraham. "Mzee Abraham?"

"Viroba vilikaa nje ya uzio tangu mvua zianze," Abraham alisema, sauti yake ikiwa ndogo. "Nilidhani ni vya kutupwa tu."

"Nani wengine wamekula?"

"Sisi," Agripina alijibu. "Na gulio."

"Gulio lipi?"

"La Shelui. Hakuna jingine la maana."

Witness aliomba maji, akanawa mikono, akanawa tena. Luciana, ambaye hakuwa ameambiwa lakini alikuwa amesikia kila kitu, alitikisa kichwa. "Kibatari," alisema. "Nilisema kibatari."

"Mama Hana, mnajua itabidi niseme," Witness alisema. "Siwezi kula kwenu halafu nikanyamaza."

"Sema. Na useme pia kwamba kibao chenu kimeandikwa Kiingereza. Wanawake wa huku wakiona cheupe mbugani wanakikwangua, bibi zao walikwangua. Hamkumuuliza hata mmoja."

"Nitalisema hilo nalo." Akasimama, akamwinamia bibi, akamuaga. Mlangoni aligeuka. "Kesho wote watatu mwende kituo cha afya, mseme mmekula nini. Na yaliyouzwa lazima yarudi yote. Nisaidie kwa hilo, mama. Watu wa kambini wakienda na magari gulioni, watu watayaficha."

Hilo lilikuwa kweli, na Agripina alilijua kuliko yeye.

*

Kituoni walitolewa damu, wakaambiwa wanywe maji mengi na warudi wakiitwa. Siku ya gulio Agripina alipanda bodaboda akiwa na beseni tupu na pesa ya kurudishia watu.

Festo mwenye duka alikuwa wa kwanza. Alipoona anarudishiwa pesa, alimshika paji la uso. "Mama Hana, unaumwa?"

"Lete magadi, chukua pesa. Yameharibika."

"Magadi yanaharibikaje? Ni samaki?"

"Festo, mtu akikurudishia pesa, unamhoji?"

Alitoa. Wengine nao walitoa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mzaha wake, na beseni likaanza kuwa zito. Agripina alikuwa ameshaanza kuamini kwamba atamaliza bila kusema lolote zaidi ya "yameharibika", mpaka alipofika kwa Stumai.

Stumai alikuwa na kibanda kikubwa kuliko vyote, na saa ile benchi zake zilikuwa zimejaa madereva na matingo wanakula ugali na maharage. Magadi yake aliyaweka kwenye kopo la maziwa, na alilikumbatia.

"Sirudishi."

"Stumai, nakupa pesa yako."

"Na mimi nakwambia sirudishi. Tangu unaniletea magadi hujawahi kuniletea kama haya. Maharage yanaiva nikigeuka tu. Umepata mnunuzi wa bei, unataka kunizunguka."

"Hakuna mnunuzi."

"Basi niambie kuna nini."

Agripina alitazama benchi. Akatazama sufuria ya maharage inayofuka. Alijua kwamba neno atakalolisema hapo litafika Misigiri kabla yeye hajafika nyumbani, na kwamba hakuna mtu atakayesema "magadi ya Agripina" tena bila kucheka au kutema mate. Alifikiria kumwita Stumai pembeni, amnong'oneze. Lakini dereva wa karibu alikuwa anapanguza bakuli kwa tonge, anajiandaa kuongezewa.

"Nimeyatoa kwenye mabwawa ya wachimba mafuta," alisema, kwa sauti yake ya kuita ng'ombe. "Yana sumu. Nilidhani kuchuja kunatosha, hakutoshi. Acheni kula hayo maharage."

Mikono ilisimama. Benchi lote likageuka kumtazama, kisha likageukia mabakuli. Dereva mmoja mnene akasukuma sahani yake mbele na kusema, "Kumbe. Ndiyo maana tangu juzi naendesha bila kujaza tanki."

Watu wakacheka, lakini walicheka wakiinuka. Hakuna aliyelipa. Stumai alibaki ameshika upawa, akitazama sufuria nzima ya maharage ambayo haikuwa na mlaji.

"Umeniua, Mama Hana."

"Nikulipe maharage?"

"Maharage utayalipa. Nitafuata mwenyewe." Akalibwaga kopo ndani ya beseni kwa kishindo. "Na ukija kuniuzia magadi tena, utaanza kwa kulamba wewe, mbele yangu, nikiwa nimekaa."

"Nitalamba."

"Tena ya kutosha."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kambini. Mlinzi wa getini alilitazama beseni, akamtazama yeye, akakataa kufungua.

"Hapa taka zinatoka, mama. Haziingii."

"Hizi zilitoka. Sasa zimerudi kwao."

"Una kibali?"

Agripina alitua beseni, akakaa chini kando yake katikati ya njia ya magari, akanyoosha miguu. Lori la kwanza lilipopiga honi kwa nyuma, kibali kilipatikana.

*

Jumapili iliyofuata Witness alikuja bila kualikwa. Aliliacha gari palepale mbali, akakuta moshi umetanda uwanjani. Abraham alikuwa anachoma mabua ya ile alizeti iliyoharibika, macho yamemwiva, na Agripina alikuwa anajaza majivu kwenye chungu kipya cha matundu. Enzi za ujana wa Luciana, mbuga ikijaa maji, hivyo ndivyo walivyofanya. Bibi alikuwa amelisema hilo tangu mwanzo wa mvua, na hakuna aliyemsikiliza kwa kuwa magadi ya majivu ni meusi na gulioni hayauziki.

Witness alisalimia, akabaki amesimama. "Nimekuja mwenyewe," alisema, "kwa sababu simu ingekuwa dharau. Mzee Abraham, mkataba wako hautaongezwa. Niliandika ulivyochukua, na niliandika mama alivyorudisha. Wamesoma la kwanza tu. Na mimi nimepewa onyo, viroba vilikuwa chini yangu."

Abraham aliegemea reki yake. "Vibao?"

"Vimebadilishwa jana. Kiswahili, na picha ya fuvu. Viroba vyote vimeondoka."

Agripina alipanguza mikono yenye majivu kwenye kanga. Alikuwa amelia kidogo Ijumaa, nyuma ya zizi, akamaliza.

"Tutauza ng'ombe," alisema. "Hana hatarudi nyumbani kwa sababu ya mlenda."

"Muuze yule wa pembe moja," Luciana alisema kutoka kwenye kigoda. "Ananitazama vibaya."

"Mama, huyo ndiye anayetoa maziwa," Abraham alisema.

"Ndiyo maana anajiona."

Witness alikuwa bado amesimama, funguo za gari mkononi, hajui kama kilichobaki ni kuaga. Agripina alimtazama kuanzia buti mpaka usoni.

"Umekuja na njaa?"

"Nimekuja nayo, mama."

"Kaa basi. Wiki jana hukumaliza kula."

Hakukuwa na kuku. Kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda uliopikwa kwa maji ya majivu, umetoka na rangi ya matope, mgumu kidogo pembeni. Abraham aliomba sala fupi. Witness alimega tonge, akachota, kisha akangoja, maana wote walikuwa wanangoja. Luciana aliinua sahani yake mpaka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Moshi," alisema. "Moshi mtupu."

Akaanza kula.